Hedifoni Nilizomnunulia Keneth

Mpendwa mshauri, msaada ninaouomba ni wa haraka, maana Jumamosi ijayo tunajengea kaburi la mume wangu kule Mwamapalala, na mpaka leo sijui nitasimamaje mbele ya mama yake.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nakaa hapa Bariadi, nashona nguo, shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo unisamehe nikiandika kwa kuchanganya. Mume wangu Keneth alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Alikuwa na albamu moja ya vijana waliookoka, nyimbo kumi na moja, wanachana mistari ya hip hop halafu katikati linaingia gitaa la roki linakwaruza mpaka vyombo vinatetemeka kabatini, na maneno yote ni ya Mungu. Rafiki yake Boniventura, waliyekuwa naye karakana moja, ndiye aliyemwekea kwenye memori kadi. Keneth aliipenda albamu ile kuliko chakula. Alikuwa anasema, "Mama Precious, sikiliza hilo gitaa, ni grenda langu la kukatia vyuma kabisa, ila lenyewe limeokoka." Wimbo wa saba ndio uliokuwa wake, kuna kijana anamuuliza Mungu alikuwa wapi siku mdogo wake anakufa, anauliza kwa hasira, ngoma zinapigwa, halafu vyote vinanyamaza anabaki anahema tu. Hapo Keneth alikuwa anafumba macho.

Sasa mshauri, nyumba yetu ni chumba na sebule, mtoto alikuwa anaota meno, halali, mimi naamka na cherehani nalala na cherehani, na yeye akirudi anafungulia sabufa. Tukagombana. Nikamwambia, "Kwani huyo Mungu wako ni kiziwi?" Kesho yake nikaenda mnadani nikamnunulia hedifoni ili asikilize peke yake na sisi tupumzike. Alifurahi sana, akasema nimempa kanisa la mfukoni. Akaanza kuzivaa mpaka kwenye pikipiki, na mimi nilimwona na sikumkataza, kwa sababu nyumba ilikuwa imetulia na mimi nilikuwa napata usingizi.

Mwaka jana mwezi wa saba, akitoka Mwamapalala kumfungia mtu geti, lori la pamba lilimgonga kwa nyuma. Waliokuwepo wanasema dereva alipiga honi sana na yeye hakugeuka.

Hospitali walitukabidhi vitu vyake kwenye mfuko. Mama mkwe wangu, mama Nyanjige, alizitoa zile hedifoni msibani akaziinua mbele ya ukoo mzima, akauliza, "Nani alimnunulia mwanangu kamba hii?" Mshauri, nilikuwa nimekaa kwenye mkeka hatua mbili kutoka kwake, nikainama nikajifanya namnyonyesha mtoto. Mtu mmoja akasema, "Si huyo Boniventura na makelele yake." Ikaishia hapo. Boniventura akafukuzwa bila kutupia hata udongo kaburini, na hakujitetea. Alinitazama tu. Anajua ni mimi, maana Keneth alishatamba karakana nzima kwamba mke wake kamnunulia.

Wiki iliyopita nilikwenda kumsalimia mama mkwe, nikapiga magoti nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila mayu," akaitika vizuri, akanipa maziwa ya mgando, halafu akasema, "Ile kadi ya nyimbo uje nayo. Utaitumbukiza mwenyewe kwenye zege watu wote wakiona. Iliyomuua izikwe naye. Na yule Boniventura asikanyage hapa." Nikasema, "Ndiyo mayu."

Lakini Precious sasa ana miaka miwili na nusu, sura ya baba yake imeshamtoka, nikimwonyesha picha anaipita tu, ila wimbo wa saba ukianza anatikisa kichwa vile vile kama Keneth na kusema "baba." Nikiitoa kadi, mtoto atabaki na nini? Nikikataa, ukoo utasema nafuga kitu kilichomuua mtoto wao. Nishauri, niitoe au nisiitoe?

Mama Precious, Bariadi

*

Mama Precious, pole sana. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nilikwama pale ulipomwinamia mtoto.

Sasa nikugombeze. Unaniuliza habari ya kadi. Nyimbo kumi na moja zinahamishwa kwa dakika tano kwenye kibanda chochote cha simu hapo stendi, na wewe mtu wa mjini unalijua hilo. Precious hawezi kukosa wimbo wa baba yake. Umeniandikia kwa sababu Jumamosi utasimamishwa mbele za watu ufukie uongo kwa mkono wako mwenyewe, na kuna kijana wa watu ametengwa mwaka mzima kwa kukusitiri.

Sikiliza. Hukumuua mume wako. Ulinunua hedifoni za nyumbani ili mtoto alale. Kuzivaa barabarani aliamua mtu mzima mwenye akili zake. Ulimwona ukanyamaza, ndiyo, na hilo utalilia, lilie. Kuchoka si dhambi, mwanangu. Lakini kumwachia Boniventura jina la muuaji, hilo ni lako, na bado linarekebishika.

Usisubiri Jumamosi. Mbele ya ukoo itageuka kuwa mkutano na kila shangazi atataka zamu ya kusema. Nenda Alhamisi. Mtoto mwache kwa jirani, safari hii usijifiche nyuma yake. Msalimie mama kama ulivyozoea, kisha mwambie kwa Kisukuma, maneno machache: mimi ndiye niliyezinunua. Usianze na meno ya mtoto wala uchovu wako, hayo atakuuliza mwenyewe akitaka. Akilia, lia naye. Akikufukuza, ondoka bila kujibu, na kesho yake urudi. Yule mama alichagua kuzichukia nyimbo kwa sababu nyimbo hazina uso. Ukimpa uso wako ataumia upya, na huenda akakuchukia miezi mingi. Utavumilia.

Kuhusu kadi, usije ukanakili kwa siri halafu ukatumbukiza kadi ile huku unatoa machozi. Huko ni kumdanganya mzee mara ya pili. Mwambie wazi kwamba nyimbo zinabaki kwa mjukuu wake na hutazitia kwenye zege. Sema kwa adabu, magoti chini, lakini usirudi nyuma.

Ukitoka hapo, kabla hujafika nyumbani, pitia karakana. Mwombe Boniventura msamaha wenzake wakisikia, na umwambie Jumamosi aje kumjengea rafiki yake. Utaingia naye wewe mwenyewe. Na kama watakataa asiingie, basi simama naye huko nje, watu wote wakuone, mpaka zege likauke.