Nimekalia kiti cha bosi

Shoga, usinipigie, nusu ya mdomo imekufa ganzi. Nimekaa kwenye kile kiti cha kung'olea meno. Mimi! Hapa hapa kazini!

Asubuhi nilienda kwa daktari wa viungo kwa ajili ya hivi vidole vinavyovimba. Nikamnyooshea mikono, yeye ananiambia, "Hebu fungua mdomo." Mdomo, shoga!

Kachungulia, kakunja uso. "Fizi zako zinatoa usaha. Bakteria wa humu huenda ndio wanaochochea viungo kuvimba. Hatuna hakika, lakini zisafishwe leo."

Barua ya rufaa nikaisoma nje: kliniki yetu ya meno! Miaka kumi na moja nakaa mapokezi nawaambia wagonjwa wasiogope, na mwenyewe sijawahi kukalia hiki kiti.

Nikaificha barua kwenye pochi, nikaja kazini kukaa mapokezi kama kawaida. Kumbe yule daktari wa viungo alishampigia simu bosi, daktari wetu wa meno! Bosi katoka, mbele ya foleni nzima: "Inuka dada, zamu yako."

Ningekimbilia wapi? Nikikataa, vidole vinakwisha na kazi ya kuandika inakwenda navyo. Nikikubali, sindano ya ufizi.

Nikamshika koti. "Nikisafishwa, vidole vitapona?"

"Sijui," kasema. "Uvimbe unaweza kupungua, unaweza usipungue. Ninachokuhakikishia ni fizi tu."

Nimelia, shoga. Miaka miwili kila mtu ananiahidi nitapona. Huyu kasema hajui, na ndiye niliyemwamini. Nikapanua mdomo mwenyewe.

Sindano ya ganzi kishanichoma, sasa anavaa glavu mpya aanze kusafisha. Niombee.