Basi la Maghorofa ya Juu

Mdogo wangu,

Basi la Mama lilifutwa mwanzoni mwa mwezi uliopita, na Jumapili iliyofuata ukamhamishia Mama mwenyewe kwako. Nilivipoteza vyote viwili kwa mpigo. Salamu nazo zina nafasi yake: hujambo? Goti la Mama linaendeleaje? Mimi mzima, ila nina kinyongo.

Nakitaja mapema kisitusumbue mbele. Siku ile ulisimama juu ya lori la mizigo, majirani wamejaa madirishani, ukapaza sauti kwamba dada yako anaupangia mji mzima usafiri huku mama yake akipanda kilima kwa miguu. Dereva wa lori alicheka hadi akashika tumbo. Mimi, niliyeanza kwa kukata tiketi mlangoni mwa basi nikafika meza ya mipango bila kubebwa na mtu, nikaendelea kukupandishia masanduku ya Mama.

Sasa habari njema. Basi linarudi Jumamosi, na safari hii linaanzia kule kule juu kilimani kwa Mama, likiwa tupu, linashuka hadi kituo kipya cha treni nyepesi. Ukishuka kwenye basi, dakika nne tu treni inaingia. Mama atapata kiti na kunyoosha goti lake. Ratiba ilipobandikwa ukutani, nilishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Utauliza kosa lilikuwa wapi. Ofisi yetu huhesabu watu wanaosubiri kituoni. Basi la zamani lilitoka mitaa ya nyuma, likifika kwa Mama limejaa pomoni, dereva anawapungia mkono tu wanaosubiri, anapita. Watu wakachoka, wakawa wanateremka kwa miguu hadi barabara kuu. Makarani wa kuhesabu walipokuja walikuta benchi na paka mmoja. Wakaandika hakuna abiria, basi likafutwa.

Ila njia ile sikuipanga mimi. Ofisini kwetu mwenye ndugu kwenye njia haruhusiwi kuigusa, kwa hiyo nilipomnunulia Mama nyumba kule juu, njia hiyo niliikabidhi kwa mwenzangu wa kazini. Mwenzangu huyo ni mchumba wako. Mama alijua, akanisihi nibebe lawama, maana wewe ukiwaka huzimiki, na yeye mkwe huyu anamtaka. Hata mimi wifi namtaka. Naye mchumba wako hakukaa akilia: alikipanda kilima kila asubuhi, akawafuata watu hadi chini akiwauliza mmoja mmoja, kisha akaifumua ratiba yote na kuisuka upya. Jana aliniomba nikwambie mimi, kwa sababu anauogopa ulimi wako.

Mfikishie Mama shikamoo yangu, mwambie funguo za nyumba yake ziko kwa jirani wa mlango wa pili. Nawe nijibu kabla ya saa sita mchana Ijumaa, bila kuzungukazunguka: yale uliyonitupia mimi ukiwa juu ya lori, utamtupia na yeye? Na kama hutamtupia, mimi niliyastahili kwa lipi?

Ni mimi,
Dada yako