Leso ya Shangazi na Kompyuta ya Jillo

Na lile swali lako la mwisho, Mama, uliloniuliza pale Minjila basi likianza kuondoka, "Kwani huyu mumeo kazi yake hasa ni ipi?", sikulijibu kwa sababu jibu sikuwa nalo. Nikapunga mkono tu kama sikusikia. Sasa ninalo, na nisipolitoa nitapasuka.

Lakini kwanza shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Mpunga umekomaa, au viboko wamewatangulia kuvuna? Na macho ya Bibi je? Sisi huku Nairobi tu wazima, ila baridi haina adabu. Nikimaliza kufua, Jillo huvishika vidole vyangu akavipuliza kimoja kimoja mpaka vipate joto. Usinicheke, Mama. Huu ni mwezi wa tatu tangu tuoane, na bado nikisikia viatu vyake ngazini moyo wangu hurukaruka kama kambare kikapuni.

Sasa kazi yake. Ofisi yao hupeleka dawa kwenye zahanati, hata za huko kwetu mtoni. Orodha yote ya dawa imo kwenye programu ya zamani, ambayo kompyuta mpya hazielewani nayo kabisa. Basi mkweo alifanyaje? Alitia kompyuta ndani ya kompyuta! Unatazama kioo, unaona dirisha, na ndani ya dirisha hilo kuna kompyuta nyingine nzima, inawashwa na kuzimwa kama ya kweli, lakini huwezi kuigusa kwa mkono. Yeye huiita mashine ya ndani. Meneja wao alisitasita, kisha akakubali, na zile kompyuta kuukuu zikaondolewa.

Jumatatu iliyopita umeme ukakatika ghafla, watu wakiwa katikati ya kazi. Uliporudi, kompyuta yenyewe iliwaka vizuri. Mashine ya ndani ikagoma. Jumanne ikagoma. Jumatano meneja akaja akasimama nyuma yake.

"Jillo, nilikuambia mazingaombwe haya yatatuumbua. Ijumaa ikifika haijawaka, utaandika orodha yote upya kutoka kwenye makaratasi. Na hiyo likizo yako, isahau."

Likizo hiyo, Mama, ndiyo tuliyopanga kuja nayo Ngao! Bibi hakuweza kusafiri hadi Wenje, kwao Jillo, kwa harusi yetu, na maneno aliyonitumia ninayo kichwani kila siku: "Nileteeni huyo mume wangu nimtazame kabla giza halijaniingia." Jillo aliponieleza aliyosema meneja, nilikaa kitandani nikalia kama mtoto.

Alhamisi nikampikia wali wa nazi na samaki, nikampelekea ofisini, maana alikuwa hali chakula. Nilimkuta kalipasua sanduku la kompyuta, vyuma viko mezani kama samaki aliyeparuliwa. Alikuwa amebadilisha kile kipande cha kumbukumbu ya kompyuta, amekagua diski, ameiweka programu upya. Mashati yake mimi ndiye ninayeyapiga pasi, na hilo la siku ile lilikuwa na vumbi hadi kwenye kola. Hata hivyo alikuwa mzuri, Mama, basi tu.

"Hebu iwashe nione inavyogoma," nikamwambia.

"Fundi mpya amefika," akasema, lakini akarudisha vyuma, akaiwasha.

Dirisha likafunguka, yakatokea maneno ya Kiingereza. Nikayasoma: mashine hii inatumiwa na mtu mwingine.

"Nani anaitumia?"

"Hakuna! Hapo ndipo inaponichosha. Nimekaa nayo peke yangu siku nne. Inasema uongo, ndiyo maana nikadhani imeharibika."

Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikaweka sahani chini. "Jillo! Leso ya Shangazi!"

Unaikumbuka siku ile, Mama, wazee wa kina Jillo walipokuja kuniposa? Shangazi Hadulu alikuwa anaoga, leso yake ameitundika kwenye ua wa makuti kuonyesha kwamba kuna mtu. Mara ukelele: nyani wameingia mahindini! Akatoka mbio na kanga moja, povu masikioni, leso akaiacha pale pale. Mjomba wake Jillo, na vumbi lake la safari, akasimama nje na ndoo akingojea. Jua likapanda. Angeitaje, naye ni mgeni, na aliye ndani ni mkwe? Jillo akasimama nyuma yake, naye na ndoo yake. Wote wakiheshimu bafu tupu! Ni wewe uliyekuja ukaita mara tatu, ukachungulia, ukaishusha leso.

Jillo alinitazama. Kisha akageukia kompyuta. Akahakikisha kwanza kwamba kweli hakuna aliyeingia, akanakili kila kitu pembeni, kisha akatafuta ndani ya folda. Ilikuwepo! Faili ndogo sana, ambayo mashine huitundika ikianza kazi na kuishusha yenyewe ikimaliza. Umeme ulipokatika, ilitoka mbio bila kuishusha. Akaifuta. Akawasha.

Ikawaka, Mama! Orodha nzima, hakuna dawa hata moja iliyopotea.

Meneja alikuja mbio aliposikia kelele zetu. "Ulikuwa ugonjwa gani?"

"Leso, bwana," Jillo akajibu kwa uso mkavu. "Huyu mke wangu ndiye daktari."

Akala wali wote, na miiba nusura aitafune. Njiani kurudi akanishika mkono mbele za watu, naye ana haya kuliko mimi. Akasema alioa Ngao kwa sababu ya macho yangu, hakujua kwamba yanajua na kusoma. Basi mtu akikuuliza mkweo anafanya kazi gani, mwambie huwasha mashine zisizoshikika. Na ukipenda, ongeza kwamba bintiyo humsaidia.

Nisalimie Baba, na kaka Maro mvusha watu kwa mtumbwi, na mwalimu wangu wa kwaya. Shangazi Hadulu mwambie leso yake imefika Nairobi kabla yake.

Bibi mwambie asifumbe macho. Likizo imetiwa sahihi. Kabla mwezi huu haujaisha nitamketisha Jillo mbele yake, karibu kabisa, mchana wa jua kali, amtazame mpaka aridhike.

Mwanao mwenye furaha,
Rhoda