Baba, Usiijibu Tena Ile Barua ya "Benki"

Baba,

Maharage yako jikoni, yapashe moto. ~~Usinibakizie, nimenuna.~~ Nibakizie kidogo. Ila ukifika tu kutoka Marambo, kabla hujala, nenda benki ukabadilishe namba ya siri ya kadi.

Asubuhi uliposema umeijaza kwa kalamu ile barua pepe aliyokuprintia Idd wa duka la intaneti, namba ya siri na yote, na umemwachia aitume umeme ukirudi, nilicheka. Mwalimu mzima! Halafu nikaogopa. Ukaniita mjuaji mbele ya mdogo wangu Eva, ukaondoka. Imeniuma.

Baba, benki ya hapa Nachingwea wanakuita Mwalimu Octavian, wanakuuliza mpaka habari za ufuta wako. Hawa wamekuandikia "Mteja Mpendwa". Hawakujui, ni wezi. Benki haikuulizi namba ya siri, hata kwa Kiingereza kitamu namna ile. Wakiandika tena, usijibu, nenda dirishani ukaulize.

Ada ya shule ya Eva imo kwenye akaunti hiyo. Naenda kwa Idd kuichukua karatasi. Siku zote naulaani umeme kwa kukatika, leo naomba uchelewe

Taa imewaka. Nakimbia.

Binti yako mjuaji,
Makrina