Wanataka Nimfungie Mume Wangu Ghalani Tena

Shangazi Jerono, nisaidie kabla ya Ijumaa, kwa sababu Ijumaa ndiyo siku waliyoamua, na ufunguo uko kwangu.

Mimi naitwa Jentrix, niko Saboti. Mume wangu Nyongesa husaga mahindi kwa kinu cha Bwana Gagandeep pale Kitale, mwaka wa tisa huu, na ni mtu mpole, hajawahi kuniinulia mkono, lakini pombe ya chang'aa imemkalia, ilianza na kikombe cha jioni, ikaja ya mchana, sasa hata kabla hajashuka kitandani mikono inatetemeka mpaka vifungo vya shati namfunga mimi, na akishakunywa ndio inatulia, anaenda kazini akiwa sawa kuliko mimi.

Mwezi wa saba, ghala likiwa tupu na mahindi bado shambani, mama mkwe akasema dawa ni moja tu, afungiwe humo siku tatu bila tone, na jirani yetu Pauline na kikundi chake cha maombi wakae nje wakiimba kwa zamu, na mimi nikakubali, Shangazi, godoro ni langu na kufuli ni mimi nilinunua. Siku ya kwanza alitoka jasho akatapika, tukasema ubaya unatoka. Siku ya pili mchana akaanza kulia ati nyuki wanamwingia masikioni, na ghala lile halikuwa na hata nzi, tukachungulia kwa mwanya tukaona anapangusa ukuta kwa mikono yote miwili, Pauline akasema, "Si mnaona? Mapepo yanafungasha. Ongezeni sauti!" Tukaongeza. Tuliimba kwa nguvu hata hatukusikia amenyamaza. Ni shemeji yangu Kevin, aliyekuwa akirudi na nyasi ya ng'ombe, aliyechungulia akapiga nduru, "Mnamwimbia nani, bana? Mtu anakufa huku!" Akavunja bawaba kwa jembe, tukamkuta Nyongesa amekakamaa, anarusharusha miguu, mdomoni povu na damu, ameuma ulimi. Kulipotulia kidogo Kevin akammiminia chang'aa mdomoni, na baada ya muda lile tetemeko likapungua, akaniita kwa jina.

Tangu siku hiyo nina siri. Mimi, mwenye kuvaa utepe na kupokea wageni kanisani, nanunua chang'aa kwa chupa ya mafuta ya kupikia, naficha ndani ya debe la unga, nampimia kikombe cha chai asubuhi na kingine jioni kama dawa ya mtoto. Juzi mama mkwe alikuja kuchota unga akaipata. Amesema shetani tuliyekuwa tunamfukuza ghalani alikuwa jikoni. Sasa wanataka afungiwe siku saba, na Pauline ameleta kufuli mpya kubwa kama ngumi ya mwanaume, akaniwekea ufunguo mkononi: "Dada, mke anayempenda mumewe hufunga."

Nyongesa mwenyewe amekubali. Aliniambia, "Nifungie tu, Jentrix. Nimechoka kufungwa vifungo kama mtoto wa nasari. Nikifa, angalau nitakuwa nimekufa nikiacha." Bwana Gagandeep amesema atamshikia kazi mwezi mzima akienda kutibiwa, lakini mama mkwe anasema hospitali ni ya wagonjwa, si ya walevi. Nifunge, ama niendelee na kikombe?

Jentrix, Saboti

SHANGAZI JERONO ANAJIBU

Jentrix, usifunge. Naanza na jibu kwa sababu barua yako ilifika Jumatatu, nimembembeleza mhariri aitoe leo Jumatano, na Ijumaa haina subira.

Miaka kumi na minne niliuza chai na mandazi mbele ya lango la hospitali. Sikusomea udaktari, nilisomea lango. Nikaona walevi wakiletwa kwa wilbaro, na nikiuliza amekunywa nini, mara nyingi jibu lilikuwa, "Hajanywa kitu, mama. Ameacha tangu juzi." Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nilianza kuwauliza madaktari waliokunywa chai kwangu. Walinijibu. Chai ilikuwa ya mkopo.

Muulize mumeo, yeye ni mtu wa mashine: injini iliyozoea kuvuta mzigo mzito, mzigo ukikatika ghafla inafanyaje? Inaenda mbio mpaka ijivunje. Ubongo wake umevuta chang'aa miaka. Mkaikata asubuhi moja. Kutetemeka, jasho na kutapika ndiyo mbio zenyewe zikianza. Nyuki ni hatua ya pili. Kile kifafa ni hatua ambayo wengine wakiifikia hawarudi. Na aliyeshikwa mara moja, mara nyingine huwa mbaya zaidi. Siku saba ndani ya lile ghala ni kaburi lenye paa la mabati.

Sina ugomvi na maombi. Naombea hata mandazi. Lakini mpelekee Pauline ujumbe wangu: mgonjwa akinyamaza, waimbaji pia wanyamaze, wasikie kwa nini.

Sasa debe la unga. Wewe si shetani, na mama mkwe atafute unga bila kutafuta dhambi. Lakini pia usijivike koti jeupe. Chang'aa haina kipimo. Chupa ya leo si ya kesho, na kuna wapishi wa chang'aa wanaotia humo vitu vya kupofusha macho. Kikombe kimekununulia wiki chache, basi. Hata hivyo usikikate ghafla kabla daktari hajamshika, maana tutarudi kwa nyuki.

Na Kevin, asante kwa jembe, lakini ile chang'aa usirudie. Mtu aliyeshikwa na kifafa, au ambaye hajazinduka sawasawa, hatiwi kitu mdomoni: si chang'aa, si maji, si maziwa, si kijiko. Mlaze ubavu, legeza shati, ondoa vya kumgonga, mkimbize hospitali. Na yule aliyelewa mpaka ukimfinya haamki, anakoroma vibaya, pumzi zinachelewa, usiseme "mwache alale pombe itoke." Huyo naye mlaze ubavu, mkimbize. Huenda asiamke.

Kesho Alhamisi asubuhi, wewe na Kevin mpelekeni Nyongesa hospitali kubwa ya kaunti, msingoje tetemeko. Mwambie daktari anakunywa kiasi gani kwa siku, tangu lini, mara ya mwisho ni saa ngapi. Taja kifafa. Taja nyuki. Usipunguze hata kikombe kimoja kwa kuona haya. Haya ndiyo iliyokaa nje ya ghala ikiimba. Nadhani watamlaza, wampe dawa ya kutuliza ubongo wakiipunguza siku baada ya siku, na vitamini, kwa sababu chang'aa humla mtu kabla haijamlewesha.

Hiyo ni karibu wiki moja, na itakapoisha mama mkwe atasema amepona. Hajapona. Mwili umetoka, hamu bado imekaa. Hapo ndipo huo mwezi wa Bwana Gagandeep una kazi: mshauri wa hospitali, kikundi cha walioacha, na njia nyingine ya kurudi nyumbani isiyopita kwa mpishi. Akiteleza, usitafute kufuli, mrudishe kliniki. Mkikwama, namba 1192 ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi, haikutozi kitu.

Nyongesa, najua gazeti hili litafika kwa kinu hata kama ni la kufungia unga. Mtu anayesema "nifungie" ameshaamua kuacha, na hiyo ndiyo sehemu ambayo daktari hana chupa yake. Usiipeleke kaburini. Ipeleke wodini.

Mama mkwe akisema hospitali ni ya wagonjwa, mjibu kwa adabu: "Ndiyo, mama. Ndiyo maana tunaenda." Kisha mwombe awafungashie blanketi, apate kazi.

Na kufuli ya Pauline usiirudishe, inaonekana ni nzuri. Ngoja mahindi yenu yavunwe, yakauke, myaingize ghalani, halafu ufunge kwa nguvu zako zote. Mahindi hayaoni nyuki.