Kilimia Kwenye Filimu

Jumatatu, 14 Novemba 1966
Mtoto kanyonya, kalala. Tukaenda uani tena. Mume wangu Saidi kafunga kamera mkiani mwa darubini, lile bomba alilolipaka rangi ya kijani iliyobaki ya ngalawa. Anataka picha ya Kilimia, lile kundi la nyota. Nyota zinatembea, basi mimi nazungusha skrubu tuzifuate. Nikimaliza Kulhuwallahu, nazungusha kidogo. Mkono unauma. Napenda lakini. Jirani Mwanaidi akachungulia: "Shoga, mumeo siku hizi anapiga picha giza? Sisi hatuna sura?" Nilicheka mpaka skrubu ikanitoka. Picha ile imeharibika. Tukapiga nyingine.

Jumatano, 16
Wamemchukua. Alfajiri. Askari wameona bomba la kijani linaelekea juu, wakasema bazuka. Kwa vita hii ya kudai uhuru, kila kitu silaha. Saidi akasema ni la nyota, wakamzaba kofi. Kamera hawakuiona, imo kwenye kikapu cha nepi, tunaikinga umande. Naogopa. Waliochukuliwa kabla hawajarudi.

Alhamisi, 17
Nimekwenda posto, kwenye kituo cha mkuu wa askari, mtoto mgongoni. Mkalimani kaniambia: "Dada, mumeo kasema mlipiga picha ya nyota. Mkuu anataka kuiona, mwisho Jumamosi. Ukikosa, mumeo anapelekwa gereza la kisiwani." Filimu haijaoshwa. Anayejua kuosha ni Saidi. Gizani, taa haitakiwi. Mimi kazi yangu kusoma sura ya Tabaraka, nikimaliza ndiyo anaitoa kwenye dawa.

Ijumaa, 18
Nimeziba chumba kwa kanga. Dawa ya kwanza, Tabaraka. Mtoto akalia, nikamnyonyesha huku nasoma. Maji. Dawa ya pili. Nikafungua mlango: filimu tupu! Nililia. Halafu nikaiinua juani. Vidoa vyeusi, maana kwenye filimu nyota hutoka nyeusi, vimekusanyika kama vifaranga. Kilimia. Ile ya kicheko, vidoa vyote vimeburutika.

Jumamosi, 19
Mkuu katazama, kasema vumbi. Nikamwonyesha ile iliyoharibika. Vumbi halitembei, bwana mkuu, hivi vimetembea vyote upande mmoja. Akauliza mbona hii tu. Nikamwambia kweli, nilicheka, mkono ukaacha kuzungusha. Mkalimani akaeleza na maneno ya Mwanaidi. Mkuu akacheka na yeye. Wamemwachia! Alhamdulillahi. Bomba wamelizuia. Walale nalo.

Jumatatu, 21
Saidi kalala kutwa. Sikio moja halisikii vizuri. Uji kanywa, bakuli mbili. Jioni tulikaa uani, mtoto katikati. Kilimia kikatokea juu ya paa la Mwanaidi. Hakuna cha kuzungusha. Mkono wangu wa skrubu kaushika yeye.