Baiskeli ya Injini ya Msumeno

3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo na afya yako? Mimi mzima, ukiacha kidole gumba nilichokiunguza juzi nikichomelea geti, kwa ujinga wangu mwenyewe. Mkono wako umeshaunga? Uliniandikia kwamba uliteleza bafuni. Mwaka huu umeteleza mara tatu, na wewe hata utotoni ulikuwa hudondoki ukikimbia juu ya ukuta. Basi, sisemi kitu, ila damu inanichemka.

Baiskeli yako tayari. Usinicheke ukiiona. Injini ni ya msumeno wa kukatia miti, nimeifunga nyuma ya tandiko kwa vyuma vya kitanda kibovu, na tangi la mafuta ni chupa ya sharubati. Unavuta kamba, inanguruma papo hapo bila kusogea. Ukiongeza mafuta kwa mkono wa kulia ndipo inaondoka, tena kwa kuruka. Nilipoijaribu hapa karakana wateja wawili walipanda juu ya meza. Mlimani inapanda bila kuhema. Mteremkoni uwe na adabu, breki ni zilezile za baiskeli.

Sasa hutabeba tena furushi la sare kichwani kuwapelekea wateja wako. Dereva wa lori la mbao atakuletea. Yeye ndiye posta yetu tangu shemeji alipoivunja simu yako, na nimemwambia aishushe kwenye kibanda chako cha cherehani, si nyumbani.

Kaka yako

21 Machi

Kaka,

Salamu nyingi. Mkono umeunga, umepinda kidogo, lakini unasukuma kitambaa.

Kaka, wewe ni mwendawazimu na nakushukuru! Siku ya kwanza nilipiga kelele kuanzia kibandani hadi shuleni, sketi nimeifunga kiunoni, mbuzi wanakimbia. Sijui lini mara ya mwisho nilicheka peke yangu.

Nilikuwa nayo siku mbili. Ya tatu mume wangu akaichukua, anabebea nyama kwenda buchani kwake. Jumamosi ikakataa kuwaka kwa sababu aliijaza mafuta mpaka ikasongwa. Akavuta kamba mara kumi, watu kwenye foleni ya nyama wakacheka. Akaing'oa ile kamba, akanishika nywele, akanichapa nayo mgongoni na shingoni mbele yao wote. Mpini wa kamba ulinichana sikio. Hakuna aliyetoka kwenye foleni, kaka. Alipomaliza akanawa mikono, wakanunua nyama, wakaenda zao.

Nimekuambia ili ujue, si ili uje. Naujua mkono wako ulivyo mwepesi. Nina mpango wangu, siuandiki hapa. Kwa mpango huo naihitaji hiyo baiskeli ikiwa nzima. Niachie mimi.

Mdogo wako

4 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Nisamehe, nilikuja. Juzi. Nilikuta umekwenda kupeleka sare, na shemeji akanipokea buchani kwa soda na mdomo mtamu. Akaniambia niitengeneze baiskeli, kamba imekatika. Nilipokuwa nimeinama akacheka: "Huyu mdogo wako ana kichwa kigumu, lakini nakilainisha polepole."

Nilikuwa na nyundo mkononi. Mungu ndiye anayejua nilivyoiweka chini.

Kamba nikatengeneza. Kisha alipoingia ndani kuhudumia wateja, nikachukua tupa nikakata ule uma wa mbele unaoshika gurudumu, pande zote mbili, hadi kikabaki chuma chembamba kama ukucha. Nikaziba kwa puti, nikapaka rangi. Akipita na mzigo mteremkoni utakatika. Najua nilichofanya na usingizi ninapata.

Alinisindikiza mwenyewe hadi stendi, hakuniacha hata kidogo, ndiyo maana hatukuonana. Nakuomba jambo moja tu: usiipande hiyo baiskeli. Hata ukisukuma, isukume ukiwa pembeni.

Kaka yako

19 Aprili

Kaka,

Sijui nikusalimie vipi. Nakuandikia kwa jicho moja.

Tarehe nane mume wangu alikwenda kununua ng'ombe. Huo ndio ulikuwa mpango wangu: siku moja, chupa ya mafuta iliyojaa, na barabara. Nilifunga cherehani nyuma kwa kanga mbili. Nilifika katikati ya mteremko nikasikia kitu kimelia chini yangu, kisha gurudumu likanitangulia.

Taya limevunjika mara mbili, wamelifunga kwa waya. Meno ya mbele hayapo. Cherehani ilinipiga kisogoni. Na kaka, aliyeniokota ni yeye, alikuwa anarudi na ng'ombe wake. Alinibeba mgongoni hadi hospitali, kisha akanirudisha nyumbani, na njia nzima watu wanamsifu: mume ndiye huyo!

Barua yako ilifika juzi. Dereva alisikia naumwa, akaona ubinadamu ni kuniletea kitandani. Macho yangu yote mawili yalikuwa yamefumba kwa uvimbe, hivyo mume wangu akanisomea. Alianza na "Mdogo wangu" mpaka "Kaka yako", taratibu, bila kuruka neno. Akaikunja vizuri. Hakunipiga, na hapo ndipo nilipoogopa.

Leo asubuhi amepanda basi. Amechukua begi la visu.

Nina hasira na wewe kuliko na yeye. Nilikuambia niachie mimi! Lakini kimbia, kaka. Funga karakana, usichukue chochote, kimbia. Lori linaondoka kesho kutwa. Basi linafika kwenu leo jioni. Najua hesabu hiyo, na bado naandika, kwa sababu siwezi kusema, na majirani wote ni watu wake.

Mdogo wako

22 Aprili

Kaka,

Lori limeharibika, halijaondoka. Naongeza karatasi hii kwenye bahasha ileile.

Mume wangu amerudi leo mchana. Ameoga, amekula, ananiuliza kama taya linauma. Amenipa shati lake nilifue, amesema amelichafua njiani akanunua jingine mitumbani.

Hilo alilovaa hakulinunua. Nililishona mimi. Bega la kushoto nililiongeza nusu inchi, kwa sababu lako limeshuka tangu ulipoanguka kwenye paa.

Niandikie, kaka. Hata neno moja. Hata unitukane.

Mdogo wako